Nyuki Dume wa Ukuta wa Jikoni

Nyuki wadogo waliingia ukutani mwetu wakati bado nashona kanzu kwa cherehani ya miguu na mjukuu wangu bado ni mtoto wa kubebwa. Walichagua ukuta wa jikoni, upande wa nje, chini kidogo ya dirisha, mahali ambapo udongo ulikuwa umepasuka na mimi nilikuwa nimeahidi kupaziba. Kabla sijatimiza ahadi, wao walikwisha kujenga bomba lao la nta, jembamba kuliko kidole changu cha mwisho, likachomoza nje kama mdomo wa birika. Nikaja na udongo wangu wa kuzibia. Mke wangu akasimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi, akaniambia huo si ufa tena, ni nyumba ya watu.

Tangu siku hiyo kiwanja chetu cha Itetemia kina familia mbili. Hawa si nyuki wa kuuma. Ni weusi, kila mmoja kama punje ya mchele iliyoungua, na ubaya wao wote ni kukuingia kwenye nywele. Asali yao ina uchachu kidogo, na watu wa Tabora huitafuta kwa kikohozi, lakini mke wangu hajawahi kuichota hata kijiko kimoja. Kila asubuhi akifungua dirisha huwaambia mwangaluka, kwa Kinyamwezi kama anavyowasalimu majirani, ndipo awashe moto. Mimi nami baada ya alfajiri hukaa pembeni mwa ukuta ule na msahafu wangu, na nikifika kwenye aya zinazowataja nyuki hupandisha sauti kidogo, ili wasikie kwamba wametajwa.

Mjukuu wangu tulimlea hapo. Baba yake alifariki mtoto hajatambaa, mama yake, ambaye ni binti yetu, akaenda kufanya kazi Mwanza, naye akabaki na mimi, bibi yake na nyuki. Alijifunza herufi zake za kwanza kwenye mkeka mbele ya bomba lile. Akichoka kusoma aliweka jicho kwenye mlango wao na kuniuliza ndani mna nini. Nilimjibu kwamba ndani mna elimu ya Mwenyezi Mungu na sisi tumeoneshwa mlango tu. Jibu hilo mimi lilinitosha. Yeye halikumtosha, na Alhamdulillahi kwa hilo.

Leo ni mtafiti wa vinasaba. Anashirikiana na watu wa nchi kadhaa. Wapo Wabrazili, ambao kwao nyuki wasiouma ni wengi na wamewasoma miaka mingi. Ipo maabara moja ya Ulaya yenye mashine za kusomea vinasaba. Na wapo Watanzania wenzake wanaozunguka misituni. Kazi yao ni kupata jenomu ya nyuki wetu, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake tangu mwanzo hadi mwisho, pasipo kuruka. Alinieleza kwamba mpaka sasa wanazo aya chache chache za huyu nyuki. Wakiupata mwili mzima wa maandishi, wataweza kuchukua nyuki wa msitu huu na msitu ule wakalinganisha, wakajua wapi bado wanaoana na wa mbali na wapi wamebaki ndugu kwa ndugu kwa sababu miti ya katikati imekatwa. Hapo watu wa misitu watajua ni kipande gani cha miti kisiguswe. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mshenga. Alicheka, na nikasikia baadaye kwamba ameitumia kauli hiyo kwenye mkutano mkubwa.

Kisha akanieleza jambo ambalo lilinifanya nisilale mchana kwa furaha. Kwa kazi hii hawataki nyuki jike. Jike ana maandishi mara mbili, ya mama na ya baba, na kuyatenganisha ni kama kupewa misahafu miwili iliyochanganyika kurasa. Dume ana nakala moja tu, kwa sababu dume wa nyuki hutoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa.

"Maana yake, Babu, dume hana baba."

"Hana kabisa?"

"Hana. Ila mama yake ana baba. Kwa hiyo hana baba, lakini ana babu."

Nilisema Subhanallah, nikaisema tena, kisha nikaenda jikoni kumpa mke wangu habari kwamba katika nyuki baba si lazima, wa lazima ni babu. Akaniambia ana vitunguu machoni, nimwache. Nilimwambia jirani. Niliwaambia wazee wenzangu msikitini tukivaa viatu. Kwa juma zima hakuna aliyenisalimu akaondoka bila kuambiwa.

Sasa, pamoja na furaha hiyo, mjukuu wangu alikuwa kwenye dhiki. Shehena ya vielelezo vya nchi zote zinazoshirikiana ilikuwa inakusanywa Dar es Salaam ili ipelekwe Ulaya, na mashine zilikwisha kupangiwa zamu. Nyuki dume anatakiwa agandishwe akiwa hai, mara moja, ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake haina mfano. Yeye na wenzake walikuwa Ipole msituni, wanazunguka kwa warina asali, wamepata viota vizuri katika miombo yote, lakini hakuna kiota kilichokuwa kimetoa madume nje. Na mtungi wa naitrojeni, hata ukifungwa vipi, hupungua wenyewe kila siku. Asipopata dume kabla shehena haijaondoka, wenzake wangetumia nyuki wa nchi nyingine kuwa kipimo cha aina ile yote. Miaka yake ya kuzunguka porini ingeingia kwenye foleni ya baadaye, na hiyo baadaye hakuna aliyemwahidi.

Alitupigia simu jioni moja atueleze hayo. Mke wangu, ambaye kwenye simu huwa hasikilizi bali husubiri zamu yake, akaanza kumlalamikia kuhusu nyuki wa ukutani. Kwamba tangu juzi wamejaa vijana wasio na kazi, hawaingii ndani, hawatoki kwenda kutafuta chakula, wanakaa tu kwenye majani ya mpapai wakitazama mlango kama vijana wa kijiweni. Ghafla tukasikia mjukuu wetu akipiga kelele kwa lugha ya watu wengine.

Mjukuu wetu na wenzake waliingia kesho yake alasiri. Alikuwamo mama mmoja wa Kibrazili, profesa, mvi tupu, viatu vimejaa tope. Neno la Kiswahili alilolishika vizuri lilikuwa shikamoo, na akalitoa kwa kila aliyemwona, kuanzia mke wangu hadi watoto wa jirani, ambao waliitikia marahaba kwa sauti nzito kisha wakakimbia kwenda kusimulia. Na alikuwamo dereva wao, Mzaramo wa Dar es Salaam. Wasomaji wa kwetu wanajua maana yake. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka hapa hadi pwani, wakapita kwa Wazaramo, na kutokana na safari zile tumeachiwa utani ambao hauna msamaha.

Hakutaka kushuka garini. Alisema kwa dirisha, "Mtani, mimi mzigo wangu siushushi mwenyewe nikiwa nchi ya wapagazi."

Nikamwambia babu zangu walibeba pembe mpaka kwao, wakakuta babu zake wamekaa barazani wakingoja kugawiwa, na ninaona kijiti kimepokelewa vizuri. Akashuka akicheka, akaamkia, tukashikana mikono.

Katikati ya kicheko hicho mjukuu wangu aliinua pua juu.

Mke wangu alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Kuku alikwisha kuiva, mkeka ulikwisha kutandikwa. Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye nyumba isiyo na harufu nzuri. Siku zote chetezo hukaa sebuleni, lakini siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kwa ajili ya ukuta wa nyuma, na mke wangu akaona ni aibu waheshimiwa wakae nyuma ya nyumba wakinusa majivu ya jiko. Akachukua chetezo kikubwa cha arusini, akakijaza makaa, akatia udi ule mzuri aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Idi, akakiweka chini ya dirisha la jikoni. Moshi ulipanda ukutani ukiwa mweupe na wa taratibu, ukaingia wote kwenye lile bomba.

Tulipofika nyuma hapakuwa na nyuki hata mmoja. Majani ya mpapai yalikuwa matupu. Mlango wa bomba ulikuwa umezibwa kwa gundi ya miti, umekazwa vizuri, kama chupa iliyotiwa kizibo kutoka ndani. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, amevaa khanga mpya, anatabasamu akingoja wageni wasifu harufu.

Mjukuu wangu alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Mama wa Kibrazili alikisogeza chetezo, akaweka sikio ukutani, akasikiliza kwa muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alisema maneno mengi, na mjukuu wangu akatutafsiria kwa sauti ndogo: wazima, wanavuma, wamefunga mlango tu kwa sababu wameogopa, na mama yake mwenyewe huko kwao aliwahi kuwafukuza nyuki namna hiyo hiyo kwa ubani wa kanisani, siku ya kumpokea padri. Watafungua wakituliza roho. Lini, hajui.

Dereva akauliza kama jembe lipo, abomoe ukuta. Nilimwambia nyumba ni yangu, kama italazimu abomoe. Mama akakataa kabla sijamaliza. Akasema ukibomoa utapata dume mmoja na utapoteza watoto wote walioko ndani, na wao hawakuvuka bahari kwa ajili ya kuua kiota.

Tulikula kuku. Mtungi wa naitrojeni uliwekwa sebuleni kama mgeni mwingine, na kila ulipofunguliwa kidogo ulitoa moshi na sauti ya mtu anayenong'ona. Mama alitumbukiza kijiti, akakitoa, akaonesha sehemu iliyoganda barafu. Ilikuwa fupi. Mjukuu wangu akasema hautafika kesho mchana. Mke wangu aliposikia hivyo alijifunika khanga uso mzima akaenda kukaa jikoni, na kila tulipomwita alijibu kwamba ana kazi. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya chetezo kilichomwagiwa maji, anakitazama kama mtoto aliyefanya utundu.

Ilikuwa baada ya magharibi ndipo mjukuu wangu akaja kukaa nami kwenye mkeka, mahali pale pale pa herufi zake. Alikuwa anachezea ncha ya mtandio.

"Babu, hata wakifungua, kuna jambo sijakuuliza. Tutawaua."

Nilikuwa nalijua. Katika viumbe ambavyo sisi tumefundishwa tusiviue, nyuki yumo, na nilimfundisha mimi mwenyewe, akiwa na umri wa kuweka jicho kwenye bomba. Nikamuuliza ni wangapi. Akasema wachache sana, wa kutosha kazi, hakuna wa ziada. Nikamuuliza kama wataumia. Akasema baridi ile ni ya haraka kuliko kupepesa jicho. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine, akanieleza kwa subira kwa nini hakuna. Kisha akasema kwamba dume akishatoka kiotani harudi tena, wengi wao hawapati mke, na maisha yao nje ni mafupi.

Nilikwenda msikitini kwa isha, nikazungumza na imamu wetu, ambaye ni mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa elimu. Tulikubaliana kwamba makatazo ni ya kuua ovyo, na kwamba hapa wachache wanachukuliwa ili aina yao yote ihifadhiwe, kwa haja iliyo wazi. Wachukuliwe kwa kadiri ya haja, kwa upole, na kwa jina la Mola wao. Niliporudi nilimkuta mjukuu wangu amejikunja kwenye mkeka, hajala chakula cha usiku.

"Nimekubali," nikamwambia. "Lakini wa kwanza namshika mimi, na hashikwi bila Bismillah."

Alinikumbatia akacheka akalia, vyote kwa wakati mmoja, na bibi yake akatoka jikoni kuuliza nani amefariki.

Suala la kuwaua nyuki lilikuwa limekwisha. Likabaki la baridi. Na hapa ndipo mke wangu, kutoka ndani ya khanga yake, akauliza kama hiyo hewa ya mtungi ndiyo ile wanayotembea nayo mabwana mifugo wa kupandishia ng'ombe. Hakuwa akitafuta kumfundisha mtu. Alikuwa ameuliza tu, kwa sababu alipomtembelea dada yake Ziba aliona mtungi wa namna hiyo ukitoa moshi chini ya mti, na akaambiwa ndani mna madume ya kizungu. Mjukuu wetu na mama wa Kibrazili wakatazamana. Simu zikaanza. Kabla ya kulala walikwisha kumpata bwana mifugo mmoja wa Ziba, na baada ya alfajiri dereva akaondoka na gari kwenda kumchukua.

Bwana mifugo alikuja na mtungi wake miguuni, ameukumbatia kwa magoti, hataki mtu auguse. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, mwenye haraka. Alitueleza hali yake bila kuzunguka. Kumimina naitrojeni kutoka mtungi wake kwenda kwetu haiwezekani, maana wetu ulikwisha kupata joto na ungeimaliza yote. Nyuki wataingia kwenye mtungi wake, wakae pamoja na mbegu zake za ng'ombe, na atasafiri nao mpaka Dodoma, ambako mtungi wa watafiti utajazwa upya. Lakini Ziba kuna mzee mmoja ana ng'ombe ambaye joto lake limeanza jana jioni. Joto la ng'ombe halingoji. Adhuhuri ikiingia, yeye anaondoka, nyuki wawepo wasiwepo.

Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa na milango miwili ya kungojea, mmoja wa nyuki umefungwa, mwingine wa ng'ombe unakaribia kufungwa. Dereva akanivuta pembeni akaniambia katika kazi yake yote ya kuendesha watafiti hajawahi kuona harusi mbili zinagongana namna hii, na zote kwa Wanyamwezi.

Tulikaa mbele ya ukuta. Mama wa Kibrazili alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilimfundisha kungoja kwa tasbihi, kuvuta punje moja moja, naye akanionesha rozari yake ndogo iliyokuwa mfukoni. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza, tukabaki kuoneshana punje. Jua lilipanda. Bwana mifugo alitazama saa yake, akatazama bomba, akatazama saa. Mke wangu hakutoka.

Kisha alitoka. Hakuwa na khanga mpya, alikuwa na ile ya kazi. Alipita mbele yetu sote bila kututazama, akafungua dirisha la jikoni kama afanyavyo kila asubuhi, na ambavyo asubuhi hiyo kwa aibu hakufanya. Akawaambia mwangaluka. Akawasha moto, akainjika chai.

Sisemi kwamba walimsikia. Mama wa Kibrazili alisema lilikuwa joto la jua ukutani, na yeye ndiye mwenye elimu ya jambo hilo. Ninachosema ni kwamba chai haikuwa imechemka wakati kizibo kile kilipoanza kutikisika. Kikatoboka tundu dogo. Ndani ya tundu kikatokea kichwa cheusi, kikatazama nje, kikarudi. Kikatokea tena. Baada ya hapo walikibomoa wote kwa pamoja, kama watu wanaofungua duka, wakaanza kutoka mmoja mmoja, na harufu yao ikatoka pamoja nao. Madume wakarudi. Sijui walikuwa wapi. Walikuja kutoka juu ya mpapai, kutoka kwa jirani, wakatua kwenye majani yale yale, kila mmoja akitazama mlango.

Nikakabidhiwa mrija. Ni bomba la mpira lenye kitambaa katikati, upande mmoja unauweka mdomoni, mwingine unaelekeza kwa nyuki, ukivuta pumzi anaingia kwenye kichupa na kitambaa kinamzuia asifike kooni. Mama alinionesha mara moja, mkono wake mwepesi kama wa mshonaji. Mimi meno ya mbele nimebakiwa nayo machache, na kila nilipovuta hewa ilitokea pembeni. Kisha kulikuwa na shida nyingine: mtu hawezi kusema Bismillah na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Nilitoa mrija, nikasema, nikaurudisha, na nyuki alikuwa amekwisha kuhama jani. Nikamfuata. Nikatoa, nikasema, nikarudisha, akahama tena.

Dereva hakuweza kujizuia. "Mtani amehamia kwenye shisha. Na umri huo."

Nilicheka mrija ukiwa mdomoni, na pumzi ya kicheko ikampuliza nyuki mpaka kwa jirani. Mama wa Kibrazili alikuwa ameshika tumbo. Bwana mifugo peke yake hakucheka, alikuwa anatazama kivuli cha mpapai. Mwishowe mjukuu wangu akasimama ubavuni kwangu, akaniambia nisome mimi, yeye atavuta. Nilisema Bismillah. Akavuta. Nyuki akaingia kwenye kichupa akiwa mzima, akazunguka mara moja. Nilimtazama. Alikuwa mweusi wa kung'aa, macho makubwa, hana baba. Nikamshukuru kwa sauti ya chini, akatiwa mtungini, ukatoka moshi mweupe, ukaenea miguuni mwetu, ukatoweka.

Tuliendelea hivyo, mimi nikisoma, yeye akivuta, mpaka akasema wametosha. Nilimuuliza kama hataki mmoja wa akiba. Akaniangalia. "Tulisema wa haja tu, Babu." Nikageukia mpapai ili asione furaha yangu.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Gari lilisimama nje ya uchochoro wetu wa mchanga, maana halikuweza kuingia. Bwana mifugo akainama kuchukua mtungi, dereva akaweka mguu mbele yake. Akatangaza kwamba yeye, kwa haki ya utani, hawashi gari mpaka mzigo huu ubebwe na Mnyamwezi halali. Njia hii ya kwenda pwani, alisema, haijawahi kubebewa mizigo na Msukuma mwenye saa.

Bwana mifugo alitaka kukasirika. Mimi nilikwisha kukunja kanzu. Mjukuu wangu akaniambia niache, ni mzito, na nilikuwa najua kwamba ni mzito, lakini kuna siku mtu hupewa nguvu ambayo si yake. Waliniinulia wakaniwekea begani, bwana mifugo ameshika nyuma ili usiniangukie, dereva ametangulia mbele akipiga honi kwa mdomo, mama wa Kibrazili anapiga makofi, watoto wa jirani wanamwamkia naye anawaamkia. Nilipita uchochoro wote na mtungi ule, ndani yake nyuki wangu na madume ya ng'ombe wa kizungu, nikitafuta wimbo wa wapagazi ambao babu yangu alikuwa akiuimba, nikaukumbuka mstari mmoja tu, nikauimba huo huo mpaka garini. Mke wangu alinifuata nyuma akisema nitavunjika kiuno. Nilivunjika kiuno. Nilikandwa kwa mafuta juma zima, naye aliyekuwa akinikanda alicheka kila alipokanda.

Walimwahi ng'ombe wa Ziba. Habari hiyo tuliipata siku ile ile, kabla ya alasiri, dereva akipiga simu kutoka njiani kuuliza kama mpagazi wake yuko hai.

Habari nyingine ilichukua miezi. Shehena iliondoka, mjukuu wangu akaingia kwenye kungoja, na sisi tukangoja naye. Nilimwombea kila sala. Mke wangu alihamishia chetezo sebuleni na kupiga marufuku kukivusha kizingiti. Kisha siku moja mjukuu wetu akapiga simu ya picha kutoka chuoni. Nyuma yake walikuwapo vijana wenzake wengi wamejazana, na kwenye kioo kingine alionekana yule mama wa Kibrazili. Mjukuu wetu alijaribu kutueleza kwa utulivu kwamba maandishi yamesomeka marefu, bila kukatika, na kwamba kuanzia sasa mtu yeyote duniani akitaka kumjua nyuki wa aina ile ataanzia kwa huyu wa kwetu. Akashindwa kuendelea. Akatuonesha karatasi ya maelezo ya kielelezo, mahali alipopatikana: Tabora, Itetemia, ukuta wa jikoni.

Mke wangu aliomba aoneshwe tena. Kisha akauliza kama haiwezekani kuongeza kwamba ukuta umeshapakwa chokaa.

Nilimwambia mjukuu wangu nimefurahi, na kwamba nilikuwa najua. Akacheka. "Ulijuaje, Babu?"

"Hana baba," nikasema, "lakini nani wa lazima?"

Vijana wote waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa pamoja. Kumbe alikuwa amewasimulia.

Jioni yake akapiga yule dereva. Alikuwa amepita Ziba na wageni wengine, akamkuta bwana mifugo na yule mzee mwenye ng'ombe. Ndama amezaliwa, jike, mwekundu, mzima, na pale kijijini hawamwiti ila ndama wa nyuki. Mzee wake anaapa kwamba maziwa ya mama yake yameanza kuwa na utamu. Kwa haki ya utani, dereva alisema, ndama huyo ana hisa ya Mzaramo ndani yake, kwa kuwa ni yeye aliyeendesha harusi, na anakuja kwangu kula hisa hiyo kabla mwezi haujaandama. Nilimwambia aje. Nikamwomba ashuke garini mwenyewe safari hii, kiuno changu bado kina kumbukumbu.

Mke wangu alikuwa jikoni akisikiliza. Nilimsikia akifungua kabati anakoficha udi. Nikasimama haraka, nikaenda kukaa mbele ya ukuta.